VISITECT CD4: kipimo cha kinga kisichohitaji mashine

Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, kipimo hiki kinafaa. Hakihesabu CD4 (chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, ambazo VVU huziharibu), kinaonyesha tu kama ziko juu au chini ya 200 kwa kila maikrolita ya damu. Kwa kutambua UKIMWI uliokomaa, hilo linatosha.

Weka maikrolita 30 za damu ya kidole, subiri dakika 3. Tone 1 la bafa (kimiminika kinachokuja na kipimo) kwenye kishimo A, dakika 17. Matone 3 kwenye kishimo B, dakika 20, ndipo usome. Mstari wa mgonjwa ukiwa hafifu kuliko ule wa 200, kinga imeshuka: pima kifua kikuu kwa mkojo (LAM) na kriptokokasi (fangasi wanaoshambulia ubongo) siku hiyohiyo.

Udhaifu wake ni jicho. Mistari ikikaribiana rangi, wasomaji wawili hutofautiana, hivyo soma penye mwanga mzuri na mwite mwenzako. Muda nao haubahatishwi. Tegesha saa, maana foleni ikiwa ndefu dakika 17 husahaulika upesi. Boksi lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo si la kuachwa juu ya kabati chini ya bati.