Moja Means One na Jambo Means Hello: michoro haina mfano, hesabu inahitaji msaada

Vitabu hivi viwili vya Muriel Feelings (maneno) na Tom Feelings (michoro) vimeshapita nusu karne na bado vina wanunuzi. Moja Means One, cha kuhesabu, kilitoka 1971. Jambo Means Hello, cha alfabeti, kikafuata 1974. Vyote vilipewa Caldecott Honor, heshima inayofuata medali yenyewe ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha Marekani, na kwa kile cha kwanza Tom Feelings akawa msanii wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata heshima hiyo, mwaka 1972.

Msomaji wa Mombasa huenda akauliza: kwa nini Kiswahili, ilhali mababu wa Wamarekani Weusi walio wengi walichukuliwa Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola? Ni mambo ya zama zile. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga 1966, ilikuwa tayari imezipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani, kwa kuwa lugha hii haikuwa mali ya kabila moja. Muriel alikuwa amefundisha sanaa Uganda, Tom alikuwa amefanya kazi Ghana. Walimwandikia mtoto wa Brooklyn, si wa Tanga, na hilo lisisahaulike wakati wa kuvipima.

Michoro ndiyo sababu ya kununua. Hakuna rangi kali hata ukurasa mmoja. Ni weusi, weupe na vivuli vya katikati, na mwanga unaonekana kutoka ndani ya ngozi za watu badala ya kuwaangukia. Nyuso si za mtu mmoja aliyerudiwa: mzee ana mikunjo yake, mtoto ana shavu lake. Kwenye namba mbili ya Moja Means One watu wanacheza mankala, mchezo wa ukoo mmoja na bao letu (wa Unguja asitafute mashimo 32 na kete 64). Kumi ni watoto wanaosikiliza hadithi. Mtoto aliyezoea katuni za rangi anaweza kupitisha kurasa haraka. Mpe kazi ya kutafuta na kuhesabu kwa kidole, atatulia.

Tatizo ni hesabu yenyewe. Kitabu kinatoa namba tupu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Namba hizo zilivyo zinakubaliana na majina kama nyumba na ndizi, si kila jina: nyumba mbili, ndizi tatu. Mtoto akizibeba kila mahali, atasema “watoto mbili” na “maembe tatu”. (Kosa hilo limejaa Nairobi, na kitabu hiki hakihusiki.) Dawa yake ni vipande vya karatasi. Andika maneno mawili kwa kila namba na ukibandike kipande pembeni mwa ukurasa kwa gundi inayobanduka: watoto wawili, maembe mawili, watoto watatu, maembe matatu, wanne, manne, watano, matano, wanane, manane. Sita, saba, tisa na kumi ziache kama zilivyo, hazibadiliki. Anza na watoto pekee. Maembe yaje mtoto akishazoea, la sivyo atachanganya viambishi.

Matamshi nayo yameandikwa kwenye mabano kwa silabi za Kiingereza. Msomaji Mmarekani akizifuata, e ya mwisho ya “nne” inageuka “ei” na n ya mwanzo inamezwa. Mwambie aishike n puani kwanza, kisha atamke “ne” fupi. Mzazi anayejua Kiswahili asome mwenyewe na ayapuuze mabano.

Jambo Means Hello ni bora zaidi, na ukiwa na pesa ya kimoja chukua hiki. Kina herufi 24, bila Q wala X, sawasawa kabisa, na C imepewa chakula, maana kwetu haisimami bila h. Maneno yamechaguliwa kwa kufuata maisha ya watu: arusi, baba, heshima, karibu, rafiki. Usishangae “arusi” bila h. Nayo ni sahihi, ila mweleze mtoto kwamba shuleni ataikuta “harusi”. Kinachokosekana ni ng', dh, gh na th, sauti ambazo mtoto wa ughaibuni ndizo zinazomshinda, ziongeze mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka mitano, herufi sita kwa usiku zinatosha. Moja Means One kinamfaa hata wa miaka mitatu, kwa kikao kimoja.

Lawama kubwa ni kwamba Afrika yote humu ni kijiji. Dar es Salaam na Kampala za 1971 zilikuwa na maghorofa na mabasi, lakini huyaoni. Nia ya kuonyesha utu wa watu waliokuwa wakidhihakiwa inaeleweka, lakini mtoto wa leo anahitaji picha za binamu zake kutoka kwenye simu pembeni.

Anayetaka rangi atazame Mama Miti (2010), kuhusu Wangari Maathai: Kadir Nelson ameunganisha rangi za mafuta na vipande vya vitambaa, na miti inatajwa kwa majina yake ya Kikikuyu. The Middle Passage (1995) cha Tom Feelings huyohuyo kisichukuliwe kwa jina la msanii tu. Ni safari ya meli za watumwa, picha baada ya picha, nzito kwa aliye chini ya miaka 12 hivi.

Kuna matoleo ya jalada jepesi ya Puffin, nayo yanatosha kwa nyumba yenye watoto wengi. Kwa nakala iliyotumika ya jalada gumu, omba picha ya mshono wa katikati na ya kurasa za ndani: unyevu huonekana kama madoa ya kahawia. Mihuri ya maktaba haidhuru.