Dresingi za Kidonda chenye Usaha: Tazama Kingo Kabla ya Kulipa

Msimu wa mvua uliopita nilinunua katika famasi moja hapa Tabora mjini dresingi tano za sponji kwa ajili ya kidonda cha mguu cha mama yangu, ambaye ana kisukari na ninaishi naye Isevya. Muuzaji aliniambia kwamba hakuna inayonyonya zaidi ya hizo, na kwa kweli zilinyonya. Lakini asubuhi ya tatu, nilipofungua bandeji, niliikuta ngozi yote inayozunguka kidonda, upana wa kidole kizima, imekuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, na nilipoigusa kwa gozi ilibanduka. Muuguzi anayekuja kumsafisha alitazama kwa muda, kisha akasema, “Dada, usaha wa bibi umepungua, ila kidonda kimepanuka, na kilichokipanua ni maji yaliyolala pembeni.”

Tangu siku hiyo siulizi tena dresingi inanyonya kiasi gani, kwa sababu kila muuzaji ana jibu la swali hilo. Ninauliza majimaji yanakwenda wapi yakishanyonywa. Dresingi inayoyatambaza kama utambi wa taa hupeleka usaha kwenye ngozi nzima, na sponji isiyoshika huyatema mgonjwa anaposimama au bandeji inapokazwa. Jaribio lake ni rahisi: weka kipande juu ya sahani, dondoshea katikati mililita 5 za maji ya chumvi ya hospitali kwa bomba la sindano, subiri dakika 10, kisha weka juu yake pakiti ya sukari ya nusu kilo. Sponji niliyokuwa nimeinunua ilitema maji hadi ukingoni mwa sahani. Kipande cha majaribio kitupwe, kisirudi kwa mgonjwa.

Ninayoiweka ya kwanza, na sioni haya kuipendelea, ni Aquacel Ag ya kampuni ya ConvaTec. Nyuzi zake za selulosi hugeuka jeli palepale zinapokutana na majimaji, kwa hiyo unyevu hupanda juu badala ya kutambaa pembeni, na madini ya fedha yaliyomo hushambulia bakteria walionaswa ndani ya jeli hiyo. Hulazwa ikizidi ukingo wa kidonda kwa sentimita 1 hivi, kisha hufunikwa kwa dresingi nyingine. Inaweza kukaa hadi siku 7, ingawa kidonda chenye maambukizi hufunguliwa mapema zaidi ili kikaguliwe. Ina kasoro pia: ile ya awali hunywea inapolowa, ndiyo maana ninatafuta inayoandikwa Extra, na kidonda kikianza kukauka inaweza kugandamana, hivyo iloweshwe kwa maji ya chumvi kabla ya kubanduliwa. Baada ya wiki 2 daktari aangalie kama bado kuna sababu ya kuendelea na fedha.

Ya pili ni alginati, kama vile Kaltostat, inayotengenezwa kwa mwani wa kahawia. Kalsiamu yake hubadilishana na sodiamu ya majimaji ya kidonda, nyuzi zikawa jeli laini, na kalsiamu hiyohiyo husaidia damu kuganda kidonda kinapochuruzika. Hata hivyo isiachwe izidi ukingo, kwa sababu hupitisha unyevu pembeni kuliko ile ya kwanza, na kwenye kidonda kikavu haifai kabisa. Sponji ninaziweka za tatu, na ziwe tu zile zenye silikoni upande wa ngozi, kama Mepilex Ag, kwa kuwa silikoni hujishika kingoni na kuyazuia maji yasisambae. Dresingi za haidrokoloidi, zile zinazobana kama plasta nene, sizipangi popote hapa, kwani huziba kidonda na hazifai penye maambukizi. Gozi itumike kufunika juu, na pamba isiguse kidonda.

Wasomaji wa Tabora wataniuliza kuhusu asali, nami ninaipenda asali ya miombo ya Sikonge kuliko sukari yoyote. Asali ya tiba ipo na inafanya kazi, lakini husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za bakteria ambazo asali ya ndoo inaweza kuzibeba. Isitoshe, asali huvuta maji kutoka kwenye nyama, na maji hayo huishia kulekule kingoni. Wekundu unaosambaa, homa, harufu kali au nyama nyeusi ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dresingi haichukui nafasi ya dawa wala ya kudhibiti sukari mwilini.

Kinachoniumiza zaidi ni namna vitu hivi vinavyouzwa. Nimeona kwa macho yangu pakiti ya sentimita 10 kwa 10 ikifunguliwa juu ya kaunta na kukatwa vipande vinne kwa mkasi uleule uliokuwa ukikata karatasi za vidonge, kisha kila kipande kikauzwa kwa bei ya karibu nusu ya pakiti nzima. Usafi wote tunaoulipia huisha pakiti inapochanwa. Nilipokataa, muuzaji alinijibu, “Dada, wenzako wote wanachukua hivihivi.” Wanachukua kwa sababu hawana pesa ya pakiti nzima, na yeye anajua. Sasa majirani wawili nami tunachanga na kuagiza boksi zima kutoka Mwanza kwa basi, tunasoma tarehe ya mwisho kwenye kila pakiti, na tunagawana zikiwa zimefungwa.