Mipira ya mazoezi ya kuvuta: mgongo imenifaa, miguu haikuniambia kitu

Bei kwanza, maana ndilo swali la kila anayeiona chumbani kwangu: shilingi 45,000 seti nzima, nimenunua Darajani nilipokwenda Unguja. Hapa Chake Chake niliiona duka moja, ghali zaidi na haina vishikio. Ndani ya kifuko mna mipira mitano ya bomba yenye rangi tofauti, vishikio viwili vya sponji, mikanda miwili ya kufunga kwenye vifundo vya miguu, utepe mnene wenye bonge mwishoni wa kubania mlangoni, na karatasi ya maelekezo ambayo bora utazame picha tu. Ninaitumia tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyefungua kifuko jana.

Mimi ni mwalimu wa skuli na umri wangu uko kwenye arobaini na kitu. Kukimbia ninakimbia. Kikundi chetu hutoka alfajiri mwisho wa wiki, nyimbo juu, tunashika barabara ya Gombani kisha tunarudi, na Januari 1, Siku ya Mazoezi ya Zanzibar, hutatukuta kitandani. Lakini kukimbia ni kazi ya moyo na mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu ya hizo afanye ya kuimarisha misuli mikubwa yote siku 2 au zaidi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo kikundi chetu kizima tunaipita kama hatuioni.

Wapo watakaosema mwanamke wa Kipemba hahitaji mipira, kazi za nyumbani zinamtosha. Nimelifikiria hilo. Kuinama tunainama, kubeba tunabeba, kusukuma tunasukuma. Kuvuta ndiko kulikopotea. Mama alivuta maji kisimani kwa kamba mpaka utu uzima wake, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mimi nafungua mfereji. Kisha nakaa na rundo la madaftari ya kusahihisha, mabega yanakuja mbele, na ikifika Alhamisi shingo imekaza. Hilo ndilo nililotaka kulitibu, si kingine.

Gym ipo. Saa walizowatengea wanawake ndizo saa ambazo mimi niko darasani, na saa nyengine imejaa vijana. Vyuma vya nyumbani navyo nimeona mwisho wake: mdogo wangu wa Mkoani alinunua dambeli, akaziweka barazani, upepo wa bahari ukazila, sasa kila anayezishika anatoka na kutu viganjani. Isitoshe, nani atavusha vyuma kwenye boti? Seti yangu nzima iliingia kwenye mkoba pamoja na kanga.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo wauzaji wanapotamba. Kifuko kimeandikwa pauni 150. Hesabu yenyewe imetoka hivi: mpira wa pauni 10, wa 20, wa 30, wa 40 na wa 50, jumlisha. Kwa kilo ni kama 68. Nilimsimulia shemeji yangu, ambaye ana mizani ya kuning'iniza ya kupimia karafuu, akacheka.

"Ulete huo mpira, shemeji, tuupime. Isije ikawa umeuziwa rangi."

Tukautundika ule wa pauni 20, yaani kilo 9. Ulipovutwa mpaka ukawa mara mbili ya urefu wake, mizani ilisoma kilo 5 na ushei. Ili ukaribie kilo 9 ilibidi auvute mno, mpaka mimi nikasogea nyuma. Shemeji alihukumu palepale kwamba nimeibiwa. Mimi nasema nusu kwa nusu. Mpira hauna uzito mmoja. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyokuwa mzito. Chuma cha kilo 9 ni kilo 9 chini na ni kilo 9 juu, lakini mpira mwanzo ni mwepesi na mwisho ndipo unapouma. Kwa hiyo nambari ya kwenye kifuko ni ya mpira uliovutwa mpaka ukingoni, na kilo 68 utazipata siku ukiunganisha yote mitano kwenye kishikio kimoja na ukaivuta yote mpaka mwisho. Mimi siku hiyo siitaki. Rangi nazo kila kiwanda kina zake, basi usimwambie mtu "nunua mwekundu" ukadhani umemsaidia.

Tabia hiyo ya mpira ndiyo iliyoamua wapi umenifaa. Ninapokaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooka, mpira umebanwa mlangoni, nikavuta viwiko kurudi nyuma kama mpiga kasia, uzito unakuja pale hasa mifupa ya mabega inapokutana. Hapo ndipo pangu palipolegea. Kuvuta kutoka juu kushuka kifuani, vivyo hivyo. Kuvuta kuelekea usoni kwa mpira mwepesi, hilo ndilo lililonilegezea shingo, na ningelipa zile elfu 45 kwa zoezi hilo pekee.

Miguu ni habari nyengine. Miguu inabeba mwili mzima kutwa. Kuiongezea vijikilo vya mpira haisikii. Tena kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kazi iko chini, unapotaka kuinuka, na chini ndipo mpira umelegea hauna msaada wala mzigo. Nimeiacha. Kwa miguu nachukua ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 bila ya kuuliza mizani, naikumbatia kifuani na kuchuchumaa. Au napanda baraza kwa mguu mmoja, nashuka polepole, nabadilisha. Baraza la nyumba yetu ni refu kidogo, ukipanda bila ya kujisukuma na mguu wa chini utajua umefanya kitu. Bei yake sifuri.

Mlango uchagueni vizuri, hili msilifanyie mzaha. Bonge la utepe linakaa upande wa pili, mlango unafungwa, na wewe uvute kuelekea upande ambao mlango unafungia, ili kuvuta kwako kuzidi kuubana badala ya kuufungua. Ukiweza, bania upande wa bawaba na ugeuze ufunguo. Milango yetu ya mbao ngumu inahimili. Ule wa plastiki wa bafuni uacheni. Na nondo za dirisha nazo si mahali pake, hasa zilizoota kutu, kwani zinaukwaruza mpira, na mpira uliokwaruzika ukikatika unakurudia usoni. Mimi kila mara kabla ya kuanza naupitisha vidoleni, natazama zaidi pale unapoingia kwenye kizibo cha kishikio.

Utaratibu wangu hauna maajabu. Siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati, baada ya Laasiri. Mizunguko mitatu kwa kila zoezi, marudio 8 hadi 12, na yale mawili ya mwisho lazima yanipe tabu. Yasiponipa tabu nakaa mbali zaidi na mlango au nabadilisha rangi. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama na mipira: wanashikilia rangi ile ile ya siku ya kwanza, wanahesabu mpaka 30 huku wanatazama tamthilia, kisha wanasema haifanyi kazi. Mwezi wa Ramadhani nilipunguza nikawa nafanya mara mbili kwa wiki baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshaingia mwilini, na nguvu haikunipotea. Kwa chakula sikununua unga wa kopo. Dagaa, kunde, mayai, samaki akipatikana. Pemba bwana, njaa ya protini tuitafute kwa makusudi.

Mama mkwe, aliyeshapita sabini, ameuteka ule mwepesi kabisa. Anakaa kwenye kiti, anaupitisha nyuma ya mgongo, anasukuma mbele. Kisha anauweka pembeni na kufanya kuinuka na kukaa bila ya kushika mikono ya kiti. Kwa wazee mwongozo ule ule unaongeza mazoezi ya kulinda mwili usiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa hiyo tunamsimamisha kwa mguu mmoja kando ya ukuta. "Mkinitoa picha siwasemeshi," katuambia.

Uimara: hapa ninapunguza nyota. Mipira hii ni ya lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, na lateksi haipatani na jua, joto wala mafuta. Ule wa pauni 30 umeanza kupasuka vijistari karibu na kizibo, nimeustaafisha. Mafuta ya nazi mikononi ni adui. Nanawa kwa sabuni kwanza. Jasho nalifuta kwa kitambaa cha maji, naianika kivulini, naipaka poda kidogo isigandane, na inalala kabatini. Klipu za chuma zimeshaanza kutu kwa chumvi ya hewa yetu, ingawa bado zinashika. Sponji ya vishikio inazunguka mkononi ukitoka jasho. Na kama ngozi yako inawasha ukivaa glavu za mpira za hospitali, usinunue hii kabisa, ulizia isiyo ya lateksi.

Nyota nne kwa mgongo, mabega na mikono. Mbili kwa miguu, na hizo mbili ni kwa ajili ya mikanda ya vifundoni, ambayo kwa kuvuta mguu pembeni inafanya kazi nzuri ya nyonga. Anayetaka mwili wa kutunisha tisheti aende kwenye vyuma, hii itamchosha moyo kabla ya mkono. Mwalimu, mshoni, karani, mama mwenye saa moja yake kwa siku, anunue.

Tatizo langu sasa ni kuupata ule wa pauni 30 peke yake. Muuzaji wa Darajani anasema hawauzi mmoja mmoja, ninunue seti nyengine. Mwenye kujua duka linalouza mmoja mmoja, Unguja au Pemba, aniandikie.