Kipimo cha DEXA na mifupa yangu, miaka miwili baada ya kuacha kujinyima chakula

Nilipelekwa kupimwa mifupa kwa DEXA, eksirei inayopima wingi wa madini kwenye mifupa, nikiwa na miaka 29, baada ya kupata ufa kwenye mfupa wa mguu kwa kutembea tu. Sikuanguka wala sikujikwaa. Kwa miaka 11 nilikuwa najinyima chakula, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuona hedhi.

Kipimo chenyewe hakina shida. Unalala chali, miguu inainuliwa juu ya sponji nene, mashine inapita juu yako taratibu. Hakuna sindano, mionzi ni kidogo sana, na kwa robo saa umemaliza. Kilichoniumiza ni kukabidhiwa majibu bila neno hata moja. Nilisimama kwenye korido nikiyatazama: uti wa mgongo -2.6, nyonga -2.1. Hizo ni alama za Z, ambazo hukulinganisha na watu wa rika lako. Kuanzia -2.0 kwenda chini, mifupa imepungua kuliko inavyotarajiwa kwa umri wako. Ni vyema mtu akae nawe akueleze hayo.

Nikakimbilia vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Miezi sita nilivimeza bila kukosa, huku sahani yangu ikibaki ileile. Daktari wa homoni ndiye aliyenifumbua macho: mwili wenye njaa huacha kutengeneza estrojeni, homoni ya kike, ya kutosha, na bila estrojeni mfupa hubomoka haraka kuliko unavyojengwa. Vidonge ni matofali, lakini fundi hayupo kazini. Nikamwomba vidonge vya uzazi wa mpango ili nipate hedhi. Akakataa kwa upole, akisema damu ile ingeletwa na vidonge tu, na kwa wenye hali kama yangu havijaonekana kuijenga mifupa. Kuna estrojeni ya kubandika kwenye ngozi inayoweza kuwasaidia baadhi yetu, ila tiba ya kwanza ni kula na kurudisha uzito.

Basi nikala. Naandika neno moja, lakini ilikuwa kazi ya kila siku, nikiwa na mtaalamu wa lishe na mshauri wa kisaikolojia, na kuna jioni nyingi nililia mbele ya chakula. Mwezi wa tisa tangu nianze kula, hedhi ilirudi. Nilikaa chini bafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mazoezi ya kubeba uzito niliruhusiwa baadaye, mwili ulipotulia. Kukimbia na kurukaruka kabla ya hapo kungeweza kunivunja tena.

Juzi nimerudia kipimo kwenye mashine ileile, maana namba za mashine tofauti hazilinganishiki vizuri. Uti wa mgongo -1.9, nyonga -1.8. Daktari hakuniahidi kwamba yote yatarudi. Safari hii alivuta kiti, akaniwekea karatasi zote mbili mezani, tukazisoma pamoja mstari kwa mstari.