Wanawake watano, kamera zao wenyewe, na ukuta mmoja uliokosewa

Nimepiga video za harusi kwa miaka 11. Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: wanawake wakiinuka kucheza, shusha lenzi kiunoni. Mimi ni mwanamke, na niliifuata sheria hiyo muda mrefu kabla sijajiuliza ni jicho la nani nililoazima. Kwa hiyo niliposikia kuna maonyesho ya sanaa ya video iliyotengenezwa na wanawake, kazi tano ndani ya kumbi tatu, niliomba siku ya mapumziko nikaenda peke yangu.

Nianze na kilichonishika zaidi. Vertical Roll ya Joan Jonas, ya mwaka 1972, wameiweka kwenye televisheni ya zamani yenye kioo kilichotuna, si kwa projekta. Wamefanya vizuri mno. Waliowahi kumiliki televisheni za aina ile wanaukumbuka ule ugonjwa wa picha kuteleza wima bila kutulia, huku mstari mweusi ukipita. Wengi tulikimbilia kitufe ili tuurekebishe. Jonas aliuacha makusudi. Kwa karibu dakika 20 mwili wake unapita vipande vipande, mkono, kinyago, miguu inayoonekana kuuruka ule mstari, na kishindo cha kijiko kinagonga bila huruma. Nilijaribu kumtazama kama ninavyotazama kazini. Haiwezekani. Kila jicho likitaka kutua, picha imeshaondoka.

Pembeni yake kuna Semiotics of the Kitchen ya Martha Rosler, 1975, dakika 6 hivi. Mwanamke kasimama nyuma ya meza ya jikoni, anataja vyombo kwa mpangilio wa alfabeti na kuonyesha kila kimoja kinavyotumika. Anavaa aproni, anashika bakuli, na kadiri anavyosonga mbele mikono inazidi kuwa mikali. Upawa unachota kitu kisichokuwepo na kukimwaga pembeni. Herufi za mwisho anaziandika hewani kwa mwili wake, kisu na uma mikononi. Kamera haisogei hata kidogo, naye anatutazama usoni. Kibao cha maelezo kimeiita kichekesho cha jikoni. Ndiyo, watu hucheka, nami nilicheka kwenye upawa. Lakini yule mama anaonyesha hasira iliyofungiwa ndani ya kazi isiyohesabiwa kuwa kazi, na kibao hakikupaswa kuishia kwenye kicheko. Tena hedifoni ni moja tu, foleni ya watu sita.

Nyingine mbili nitazigusa tu. Dara Birnbaum alichukua vipande vya tamthilia ya Wonder Woman vya televisheni akavikata na kuvirudia (1978–79), yule dada anazunguka na kulipuka, anazunguka na kulipuka, hadi unaona kwamba amepewa nafasi mbili tu: karani au shujaa aliyevaa nusu uchi. Kama mhariri nilimwonea wivu. Ever Is Over All ya Pipilotti Rist, 1997, inapendeza sana: mwanamke anatembea taratibu akivunja vioo vya magari kwa kitu chenye umbo la ua, na askari polisi wa kike anampita akimpigia saluti kwa tabasamu.

Sasa malalamiko. Katika watano hao hakuna mwanamke mweusi hata mmoja. Howardena Pindell alirekodi Free, White and 21 mwaka 1980, dakika 12 tu: anasimulia ubaguzi uliompata maishani, kisha yeye huyohuyo anajipaka weupe usoni na kuvaa wigi la rangi ya dhahabu ili awe mwanamke mzungu anayemkatalia kila neno. Ukiandaa maonyesho kuhusu mwanamke na kamera ukaiacha kazi hiyo, umeliacha swali lenyewe: mwanamke yupi?

Na ukumbi wa tatu ndio ulionitoa machozi ya hasira. Turbulent ya Shirin Neshat, 1998, ni skrini mbili. Upande mmoja mwanamume anaimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, kamera imetulia, makofi yanapigwa. Upande wa pili mwanamke mwenye buibui jeusi anaelekea viti vitupu, na akianza kuimba sauti haina maneno, kamera inamzunguka, naye mwanamume wa ng'ambo anabaki ameduwaa. Nyuma ya kazi hii kuna sheria za Iran zilizomzuia mwanamke kuimba peke yake mbele ya wanaume. Skrini hizi zinatakiwa zitazamane, mtazamaji awe katikati alazimike kugeuka na kuchagua ampe nani mgongo. Hapa wamezibandika kwenye ukuta mmoja, bega kwa bega, kama matangazo ya stendi. Yule mwanamume hamtazami tena mwanamke, anatazama mlango wa kutokea.

Nilimuuliza mhudumu, akajibu kwa adabu kwamba chumba ni kidogo. Nikakipima kwa miguu: ukuta hadi ukuta ni hatua 9, na projekta zote mbili zimening'inia kwenye reli inayozunguka. Nimewaachia mchoro kwenye daftari la wageni. Nyota tatu kati ya tano kwa sasa, na zote tatu ni za chumba cha Jonas na Rosler.