Jibu nimepewa, njia je? Uzoefu wangu na programu ya kufumbua mafumbo ya gazeti

Naanza na nyota, maana najua wengi hamfiki mwisho: mbili. Lakini ngojeni kwanza.

Ni programu ya simu, ya kulipia. Unaipa kidokezo cha fumbo la gazeti, yale ya Kiingereza yanayosema hivi yakikusudia vile, nayo inakupa jibu na kukueleza limepatikanaje. Jina silitaji, wanaoitumia wameshaijua. Mimi iliniingiza tamaa ya kumshangaza mjomba wangu. Mjomba alikuwa karani bandarini Kilindini, kastaafu siku nyingi, na tangu nipate akili namkuta barazani kila asubuhi na kahawa tungu, penseli sikioni, gazeti limekunjwa mara nne. Nikipata vidokezo vitatu mimi, yeye kesha maliza mraba mzima.

Siku za mwanzo sina neno nayo. Kulikuwa na kidokezo chenye "flower", nami nikahangaika na maua yote niyajuayo, waridi, asumini, mpaka kilua. Programu ikaniambia niachane na maua: neno hilo hapo limetoka kwenye kutiririka, ni kitiririkacho, basi tafuta mto. Nikapiga kelele peke yangu chumbani. Kumbe ni kama sisi na kaa! Yuko kaa wa pwani, liko kaa la moto, na kuna kaa kitako. Siku ile ningeipa nyota sita.

Mjomba akanipa mtihani. Kidokezo cha kale, wenye mchezo wao wote wanakijua: HIJKLMNO (5), hiyo tano ni idadi ya herufi za jibu. Akajichekea ndani ya kikombe. Nikakiandika, jibu likaja: WATER. Sahihi kabisa. Nikateremka kwenye maelezo: "Herufi zimefuatana bila kukatika, kama maji yanavyotiririka."

Yanavyotiririka! Jamani. Herufi zimeanzia H zikaishia O. Ni H mpaka O, na kwa Kiingereza hiyo "mpaka" hutamkwa sawasawa na "mbili". H mbili O. Mtoto wa sekondari anayajua maji kwa jina hilo. Programu jibu ililijua, pengine imeliokota mahali, halafu ikatunga sababu kama mwanafunzi aliyenakili hesabu ya jirani akaulizwa njia na mwalimu. Sasa mimi nalipia nini? Jibu litatoka gazetini kesho. Ninacholipia ni njia! Mwaka 1942 gazeti la Daily Telegraph lilishindanisha watu wamalize fumbo kwa dakika 12, na baadhi yao wakaitwa baadaye kwenda Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza wakati wa vita, kuvunja siri za Wajerumani. Hawakuitwa kwa kuwa jeshi lilikosa majibu ya gazeti.

Mjomba ana kanuni anayoirudia mpaka inachosha, ya mtungaji wa Uingereza aliyejiita Afrit, ya mwaka 1949: mtungaji halazimiki kumaanisha anachosema, ila ni lazima aseme anachomaanisha. Akuchezee macho atakavyo, lakini ukirudi kukagua neno kwa neno, upande mmoja uikute maana ya jibu, upande wa pili ufundi wa kulijenga, na katikati pasiwe na neno la kujazia. Hii programu haisemi wala haimaanishi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu, wallahi, nikawaeleza H na O yote. Zikapita siku, ndipo wakajibu: "Jibu ulilopewa ni sahihi. Kama mafumbo haya yanakuwia magumu, tunakushauri uanze na yale ya watoto."

Ya watoto. Niliusoma ujumbe ule kwenye foleni ya feri Likoni, nikausoma tena ndani ya feri, na kama si macho ya watu simu ingekuwa chini ya bahari. Aliyeandika simjui, hata kama ni mtu sijui.

Hasira zikanituma niijaribu kwa Kiswahili, niione inavyoaibika. Nikatunga: Simba kachanganyikiwa, ni matanga (5). Nikakaa mkao wa kucheka. Ikajibu MSIBA: "kachanganyikiwa" ni ishara ya kuvuruga herufi za SIMBA, na matanga ndiyo maana. Neno kwa neno! Mjomba alivua miwani. Kwa muda nikageuka wakili wake, nyota nne, chombo kizuri, ubaya ni wa wale watu wa huduma.

Nikaongeza: Yumo zizini, yumo na jikoni akikuna nazi (5). Ikajibu MPISHI, na maelezo marefu kwamba mpishi huenda zizini kukamua maziwa. Mpishi ana herufi tano? Hesabuni wenyewe. Mbuzi kalia mbele yake, wa majani na wa kukunia nazi, wala haikumsikia.

Kwa hiyo pale juu nilipoandika mbili, someni moja. Na hiyo moja ni ya MSIBA.

Shida yangu sasa ni mjomba. Kila asubuhi, kabla hajaigusa penseli: "Hebu muulize huyo mpishi wako, leo kasemaje?" Namsomea, anacheka mpaka kahawa inamwagikia gazeti, kisha ananionyesha njia yenyewe, kidokezo kwa kidokezo, na miaka yote hii nikimuuliza alikuwa akinijibu "tazama vizuri" tu. Juzi mwezi ukaisha, nikalipa tena. Wale wa huduma wasijue.