"Si Ulikuwa Unakula Bure?" Uzoefu Wangu na Pensheni ya Hotelini

Naanza na nyota moja kati ya tano, kwa hoteli iliyokuwa ikiniajiri. Huenda nikifika mwisho nikaiondoa hiyo moja, au nikaongeza, sijui, maana hapa niandikapo chai imepoa mbele yangu na hasira haijapoa.

Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Jina naliacha. Miaka 18 nimechemshia Waitaliano pasta, hadi nikawa namjua mgeni aitakaye ngumu kwa namna anavyovuta kiti. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara iliandika makato ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, shilingi 200, na mwajiri naye alitakiwa aongeze 200 zake. Hizo ni 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Si pesa za kumfanya mtu azeeke amekunja miguu barazani, lakini zilikuwa zangu.

Korona ikaja, hoteli ikafungwa, kisha ikafunguliwa bila sisi wazee. Majuzi nikaenda saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mtaani Kisumu Ndogo, kijana anitolee stetimenti ya michango. Akaitazama skrini, akanyamaza. Vijana wa saiba hawanyamazi ovyo. Kumbe kuna miaka mitano mfululizo imeandikwa sifuri juu ya sifuri. Na karatasi za mshahara za miaka hiyo ninazo zote, mke wangu alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila moja inasema nimekatwa. Piga hesabu: 24,000.

Sasa sikilizeni. Nikavaa kanzu safi, nikapanda tuktuk hadi hotelini. Langoni nikasubirishwa juani kama niliyeleta madafu. Hatimaye akatoka mhasibu, kijana wa juzi tu, simjui hanijui. Kiti hakunipa. Shikamoo sikuisikia. Nikamfungulia kopo langu, nikamwonyesha karatasi moja moja. Akazitazama kwa mbali, mikono mfukoni, akasema: "Mzee, si ulikuwa unakula bure hapa miaka yote hiyo?"

Nikakosa la kujibu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata pesa. Jawabu lilinijia nimeshafika Maweni: mimi ndiye niliyekuwa napika! Ugali na maharagwe ya wafanyakazi nani aliyekuwa akiyapika, mamake? Mpishi huambiwaje amekula bure? Na kama chakula kilikuwa malipo, mbona zile 200 zilikatwa? Ningekuwa na ulimi wa haraka ningemwambia palepale, mbele ya mlinzi. Sasa namwambia hapa, na hasomi.

Usiku nikamsimulia mwanangu. Naye yuko hotelini, hoteli nyingine, mshahara wake ni 24,000. Ndiyo, pesa zangu zote za miaka mitano ni mshahara wake wa mwezi mmoja, nimeliona hilo, msinikumbushe. Akanitolea karatasi yake: NSSF 1,440, bima ya afya ya SHIF 660, tozo ya nyumba 360. "Baba, hizi 1,440 wangeniachia. Zako umeziona zilikoenda." Nikanyamaza tena. Siku hiyo ilikuwa ya kunyamaza.

Kwani hata mimi nilisema kama yeye. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa 2013, ya kukata asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, badala ya zile 200 kwa 200. Kesi zikaikwamisha mahakamani hadi Februari 2023, na zilipoanza sisi jikoni tulishangilia, mmoja akapiga sufuria. Tuliona tumeokoka. Miaka karibu kumi bei ya unga ikapanda, nauli ikapanda, 200 ikabaki 200. Nikijitazama leo na kopo langu, natamani ningekatwa hiyo asilimia 6 zamani.

Hapana, ngoja. Ningekatwa zaidi, na hoteli ingekula zaidi. Nafuta hiyo sentensi. Au siifuti, sijui.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na kwenye jambo hili ana maneno ya kuudhi. Yeye hakukatwa pensheni hata siku moja, analipwa na Hazina, yaani kodi yako na yangu na ya mama muuza mahamri. Ndiyo sababu, asema, serikali ilibadilisha mpango Januari 2021: mtumishi wa umma sasa anachangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali inaweka asilimia 15. "Haiwezekani vijana wabebe wazee kwa kodi peke yake," ananiambia huku amekaa kwenye baraza aliyoijenga kwa mkupuo wa kustaafu. Nikamwambia sawa mwalimu, tuchange, lakini nani anahakikisha kilichochangwa kimefika? Sheria inasema mwajiri awe amepeleka ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tarehe 9! Mimi nasubiri tarehe 9 sitini.

Hapo kidogo akaelewa. Akanishauri niandike malalamiko, niambatanishe nakala, kopo libaki nyumbani. Nimeandika.

Basi nyota. Wazo lenyewe la kuchangiana nalipatia nne, na mwanangu nimemwambia asithubutu kushangilia wakija tena wa kulizuia mahakamani. Ila kila baada ya miezi mitatu aende saiba atoe stetimenti, alinganishe na karatasi zake. Kijana wa Kisumu Ndogo nampa tano, alikataa hata pesa ya kuprinti. Hoteli nilikusudia kuipa moja, lakini nikikumbuka yule mhasibu na mikono yake mfukoni naona moja ni nyingi.

Na wakitaka kweli hesabu ya ule ugali na maharagwe, waniletee bili. Wataikata kwenye ile 24,000.